Mvua Moja kwa Mwaka: Wakulima Majirani Zetu Wanavyolinda Chakula Chao

Mwezi huu wa Oktoba jua linawaka sana hapa Dowa, vumbi limeingia hata ndani ya sufuria, na kila anayetembea nje ya kambi anawaona majirani zetu Wamalawi shambani na majembe yao. Hawapandi bado. Wanapiga matuta na kungoja. Sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa mara nyingi na wanafunzi: hawa watu wanangoja nini, na kwa nini wanajichosha kupiga matuta wakati hakuna hata wingu? Swali ni la watoto lakini jibu lake linagusa chakula cha kila nyumba. Ndiyo sababu ukurasa wa familia wa mwezi huu tumewapa wakulima wadogo wa Malawi, jinsi wanavyobadilisha kilimo chao kwa sababu mvua nayo imebadilika.

Wengine watasema: sisi ni wakimbizi, mashamba si yetu, hii habari inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Kambi yetu ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangwa kwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili, na leo tumepita elfu hamsini. Mahindi tunayonunua sokoni yanatoka kwenye mashamba ya nchi hii. Msaada tunaopokea hautoshi mwezi mzima, hilo hatuna haja ya kumweleza mtu. Mahindi ya jirani yakikauka mwezi wa pili, fedha ileile inanunua ndoo chache zaidi. Halafu sisi tunaona darasani: Januari na Februari viti vinabaki wazi, mtoto mmoja amekwenda kutafuta kibarua, mwingine amelala nyumbani kwa sababu jana hakula. Kwa hiyo anayetaka kujua nyumba yake itakula nini mwezi wa pili, aanze kuangalia shamba la jirani sasa hivi.

KWETU MISIMU MIWILI, HAPA MMOJA

Wengi wetu tumetoka Kivu, Burundi na Rwanda. Kule mkulima ana sezoni A, anapanda Septemba na kuvuna kuelekea Januari, halafu anapanda tena Februari kwa sezoni B. Warundi wana majina yao kabisa: Agatasi, Impeshi, na ile ya tatu ya kiangazi wanayolima mabondeni, Ici. Sezoni A ikiharibika unalia, ndiyo, lakini mwezi unaofuata unapanda tena maharagwe. Mungu amekupa nafasi ya pili mwaka uleule.

Hapa Malawi hakuna nafasi ya pili. Mvua inaanza Novemba au Desemba, inamalizika Machi au Aprili, basi. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni ukavu. Ndugu zetu wa Katanga hawashangai, maana kwao mvua ni ya namna hii hii, lakini sisi wa milimani ilituchukua muda kuelewa. Mama mmoja wa mtaa wetu, mkulima tangu utoto wake huko Fizi, alituambia kwamba alipofika hapa na kuona mashamba matupu mwezi wa saba alidhani watu wa hapa ni wavivu. Baadaye akaona jinsi wanavyolima Novemba, mume, mke na watoto, kuanzia alfajiri, akanyamaza. Mtu mwenye msimu mmoja anafanya kazi ya mwaka mzima ndani ya wiki chache.

Tena chakula chenyewe ni kimoja. Wamalawi wana msemo wao, chimanga ndi moyo, yaani mahindi ni uhai. Mtu anaweza kula wali na viazi akashiba, bado atakwambia leo hajala kwa sababu hajaona nsima. Sasa weka pamoja hayo mawili, mvua moja na zao moja. Mambo yakienda vizuri ghala linajaa. Yakienda vibaya, nyumba inakaa mwaka mzima bila kitu. Na miezi ya njaa haiji baada ya mavuno, inakuja Januari, Februari, Machi, wakati ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu bado ni mabichi shambani.

MIAKA MIWILI MFULULIZO

Kila mtu hapa anakumbuka. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa Malawi, upande wa Blantyre. Mvua ya miezi ilimwagika kwa siku chache, milima ikaporomoka juu ya nyumba usiku. Zaidi ya watu 600 walithibitishwa kufa na mamia wengine hawakuonekana tena. Mashamba yalikuwa na mahindi yaliyokaribia kukomaa, yakaondoka pamoja na udongo.

Mwaka uliofuata ikawa kinyume. Mvua ya 2023 na 2024 ilichelewa, ikaja kidogo, halafu Februari 2024 ikakatika wakati mahindi ya wengi yanatoa maua. Tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye siri. Muhindi unaweza kuvumilia kiu ukiwa mdogo, na ukishakomaa ukavu hauudhuru tena. Lakini wiki zile za kutoa maua na kushika punje, ukikosa maji, gunzi linatoka na mapengo au halitoki kabisa. Shamba linabaki la kijani kwa mbali, mpita njia anasifu, mwenye shamba anajua ndani hakuna kitu. Tarehe 23 Machi 2024 Rais wa nchi alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Zambia ilikuwa imetangaza yake Februari, na Zimbabwe ikafuata Aprili. Juu ya hayo, Novemba 2023 kwacha ilishushwa kutoka karibu 1,180 hadi 1,700 kwa dola moja ya Marekani, na mbolea ya kutoka nje ikapanda papo hapo, wiki zilezile za kupanda.

Ukame ule ulitokana hasa na El Niño, yaani maji ya bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, mbali kabisa na sisi. Hilo hutokea kila baada ya miaka kadhaa tangu zamani. Likitokea, kusini mwa Afrika mara nyingi hukauka, na mashariki mwa Afrika hupata maji kupita kiasi. Wenye ndugu Uvira na Gatumba watakumbuka kwamba miezi ileile ya 2024 ziwa Tanganyika lilipanda likaingia majumbani. Huku tunalilia tone, kule wanahamisha magodoro. Sasa kuongezeka kwa joto la dunia kunafanya nini? Joto linakausha udongo upesi zaidi baada ya kila mvua, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo inaponyesha inamwaga kwa nguvu. Ukame wenyewe si mgeni. Kigeni ni kwamba mkulima ambaye baba yake alipanda kwa kufuata kalenda, yeye haiamini tena kalenda hiyo.

MAJI YASIKIMBIE

Sasa turudi kwa yale matuta. Malawi yote inalima kwa matuta. Tuta linapigwa kwa jembe, mbegu inapandwa juu, mfereji unabaki katikati. Mvua kubwa ikija, maji yanakimbia ndani ya mfereji kama barabarani, yanaondoka na udongo mzuri, na baada ya siku tatu za jua mahindi yanakunja majani. Mvua ilikuja lakini haikukaa.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha. Ndani ya mfereji, kila baada ya hatua mbili hivi, mkulima anaweka kituta kidogo cha kukinga, kutoka tuta hadi tuta. Mfereji mrefu unageuka kuwa mstari wa visanduku. Kila kisanduku kinashika maji yake, yanazama polepole pale pale penye mizizi. Ukija wakati wa mvua utaona shamba la namna hii limejaa vidimbwi vinavyong'aa, na shamba la pembeni limebaki na alama za mmomonyoko tu. Sharti moja: kile kituta cha kukinga kiwe kifupi kuliko tuta lenyewe. Mvua ikizidi, maji yaruke juu yake yaende kisanduku kingine. Ukikifanya kirefu, maji yatavunja tuta kuu na mahindi yatalala. Tena matuta yenyewe yafuate usawa wa mlima, yasishuke nao. Wengine wanapima usawa huo kwa fremu ya miti mitatu yenye umbo la A na jiwe linaloning'inia kwa kamba katikati, kifaa ambacho fundi yeyote wa kambini anaweza kukitengeneza kwa dakika kumi.

Kuna pia kupunguza nafasi. Zamani matuta yaliachana sentimita 90 na shimo moja lilitiwa mbegu tatu. Siku hizi wanafundishwa sentimita 75 kati ya tuta na tuta, na mbegu moja moja kila sentimita 25. Wazee wengine bado wanaona mbegu moja ni kucheza kamari, na ukweli ni kwamba kama mbegu yako ni ya zamani wana haki ya kuogopa. Lakini mimea mitatu katika shimo moja inagombania maji, na majani yaliyosambaa vizuri yanafunika udongo mapema, usichomwe na jua.

Halafu kuna ile mvua ya kwanza inayodanganya. Inanyesha siku moja Novemba, watu wanafurahi, wanapanda yote. Jua linarudi wiki mbili, mbegu inachipua na kufa. Kununua mbegu mara ya pili ndiko kunakouza mbuzi wa nyumba. Kwa hiyo wenye busara hawapandi shamba zima kwa siku moja. Wanapanda sehemu, wanangoja, wanapanda nyingine, na mbegu kidogo wanaificha mpaka waone mvua imetulia. Wengi wamehamia mahindi ya muda mfupi, yanayokomaa kwa miezi mitatu na kitu badala ya mitano. Yanamaliza mapema kabla mvua haijakatika. Ubaya wake, punje zake nyingi ni laini na wadudu wa ghala wanazipenda. Yale ya asili ni magumu kama kokoto, yanakaa. Ndiyo maana utaona nyumba moja inapanda aina mbili: ya kisasa ya kula kwanza, ya asili ya kuhifadhi.

UDONGO ULIOCHOKA

Maji peke yake hayatoshi. Mashamba ya hapa ni madogo, familia nyingi za wakulima hazina hata hekta moja, na yamelimwa mahindi juu ya mahindi miaka na miaka. Udongo kama huo hata ukipewa mvua haushiki maji, ni kama kikapu. Mbolea ya dukani imekuwa ghali, na shamba likikauka imepotea bure.

Hapa tumejifunza kitu ambacho Wamalawi wanakiita manyowa a Mbeya, yaani mbolea ya Mbeya. Mkulima anachukua kilo 20 za pumba za mahindi, kilo 20 za samadi ya kuku au nguruwe, kilo 10 za majivu na kilo 10 tu za mbolea ya dukani. Anachanganya na kama lita tano za maji, anafunga vizuri ndani ya plastiki hewa isiingie, anaiacha siku 21 kivulini. Anapata zaidi ya mfuko mmoja wa kilo 50 kwa gharama ya kilo kumi. Inatiwa kidogo kidogo kwenye kila shimo. Haifanyi muujiza, na anayekosa kuku wala nguruwe hawezi kuitengeneza, lakini ile hesabu ya kilo kumi badala ya hamsini inaeleweka na kila mtu.

Njia nyingine ni ya miti, na hiyo inahitaji subira. Kuna mti unaoitwa glirisidia. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Makoka, karibu na Zomba, wameupanda katikati ya mahindi. Unakatwa mara kwa mara ubaki mfupi, na majani yake yanafukiwa ndani ya tuta. Yanaoza haraka na kuupa udongo naitrojeni, ile ile inayouzwa ndani ya mfuko wa urea. Kazi yake inaonekana baada ya miaka miwili au mitatu. Na kuna msangu, mti mkubwa wa miiba, ambao unafanya maajabu yake kinyume na miti mingine: unapukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mahindi chini yake hayanyimwi jua, na yanalishwa na majani yaliyoanguka. Mkulima anayejua hakati msangu hata akikosa kuni. Sisi wa kambini, ambao tunatafuta kuni mbali kila mwaka zaidi, tuzungumze na vijana wetu kuhusu mti huu. Ukikatwa shambani kwa mtu, umemkata mbolea yake, na ugomvi unaofuata hautaisha kwa kuomba radhi.

MBAAZI, MBUZI NA SOKO LA INDIA

Kusini mwa nchi, wakulima wengi wanachanganya mahindi na mbaazi, ambayo hapa inaitwa nandolo. Mbaazi inakua polepole, haisumbui mahindi. Mahindi yakishavunwa, yenyewe ndiyo inaanza kunyanyuka, maana mizizi yake inakwenda chini sana na kunywa maji ambayo mahindi hayakuyafikia. Inavunwa katikati ya kiangazi. Majani yake yanaanguka na kuwa mbolea, miti yake ni kuni, na punje zake ni chakula cha kujenga mwili wa mtoto. Sisi tunaotoka kwetu tunajua bwaki inavyoanza: mtoto anashiba bugali kila siku na bado anavimba miguu. Anakosa maharagwe, mbaazi, karanga, dagaa. Wengine wanapanda mbaazi na karanga pamoja, mazao mawili ya jamii moja, moja chini na moja juu, halafu mwaka unaofuata mahindi yanapandwa pale na kupata udongo uliopumzika.

Sasa mtu atauliza, kama ni nzuri hivyo mbona hapa kati ya nchi haionekani sana? Jibu la kwanza ni mbuzi. Baada ya mavuno mifugo inaachiwa itembee, na mbaazi ndiyo peke yake iliyobaki ya kijani. Mkulima mmoja hawezi kuipanda peke yake, atakuwa analisha mbuzi wa kijiji kizima. Ni lazima kijiji kikubaliane, chifu atoe amri, mifugo ifungwe. Jibu la pili ni bei. Mbaazi nyingi ya Malawi ilikuwa ikiuzwa India. Mwaka 2017 India ilifunga mlango, ikaweka kikomo cha kuingiza, na bei ikaanguka mpaka watu wakaona heri waipike wenyewe. Tunaeleza haya kwa sababu mara nyingi mtu anakuja na mfuko wa mbegu na maneno matamu, anashangaa kwa nini mkulima hakubali. Mkulima ana sababu zake, anahesabu mbuzi na anahesabu soko.

Muhogo na viazi vitamu ni hadithi nyepesi zaidi. Muhogo unangoja ardhini hata mvua ikatike. Kaskazini, upande wa Nkhata Bay kando ya ziwa, wanapika kondowole, bugali la muhogo lisilo tofauti kubwa na letu, na mtu wa Uvira akila pale atajiona amefika nyumbani. Viazi vitamu vinakomaa haraka, na vile vya rangi ya machungwa vina vitamini A kwa macho ya watoto. Shida ya viazi ni mbegu. Hupandi kiazi, unapanda mashina, na mashina yanakufa katika miezi saba ya ukavu. Mvua ikija kila mtu anayatafuta na hayapo. Ndiyo maana anayetunza kijishamba cha mashina penye unyevu wakati wote wa kiangazi, Desemba anakuwa mtu mkubwa kijijini.

DIMBA

Penye unyevu ndipo tunapofika sasa. Mabonde yanayobaki na maji baada ya mvua Wamalawi wanayaita dimba. Warundi na Wanyarwanda wameshatabasamu, ni ile kazi ya mabondeni ya sezoni C. Kuanzia Mei hadi Oktoba mtu mwenye dimba anapanda mahindi mabichi, maharagwe, nyanya, kabichi, matembele, anamwagilia kwa ndoo au kwa ile pampu ya kukanyaga kwa miguu. Mwaka 2024, baada ya mahindi ya mvua kufa, nyumba zenye dimba ndizo zilizokuwa na kitu cha kula na cha kuuza. Kwa maneno mengine, dimba ndiyo nafasi ya pili ambayo mvua haikutoa.

Lakini dimba ni chache na kila mtu anazitaka. Kodi inapanda. Wakilima mpaka ukingoni mwa kijito, udongo unaporomoka na kijito kinajaa mchanga. Wakichota wote juu, wa chini hawapati. Hii ni habari ya kila bonde, hata kwetu, na tunajua kule mipaka ya mabonde imewahi kuwasha moto gani kati ya majirani.

GANYU

Kuna jambo moja haliandikwi kwenye vitabu vya kilimo, na sisi tunaliona kwa macho. Ganyu ni kibarua cha shambani. Nyumba iliyoishiwa mahindi Januari inakwenda kupalilia shamba la mwingine ili ipate unga wa siku hiyo. Kumbe wiki hizo hizo ndizo shamba lake lenyewe linahitaji kupaliliwa. Anapalilia la tajiri, lake linajaa magugu, anavuna kidogo, na Januari inayofuata anakwenda tena ganyu. Yeye anazijua mbinu zote tulizoeleza, visanduku vya maji, mbolea ya Mbeya, hata angeweza kukufundisha wewe. Hana siku za kuzifanya. Kutengeneza vituta vya kukinga katika shamba zima ni siku nyingi za jembe, na njaa haingoji.

Mwaka wa ukame hata ganyu inakosekana. Mwenye shamba hana mavuno, hana cha kulipa. Na sisi wakimbizi tunasimama mlango uleule tukiomba kazi ileile, na bei ya kibarua inashuka kwa sababu tumekuwa wengi. Maneno mengine mabaya tunayosikia barabarani katika miezi hiyo yanatoka hapo. Hatusemi ni haki. Tunasema tujue yanatoka wapi, tusipeleke watoto wetu kujibu tusi kwa tusi na mtu ambaye naye hajala.

SISI TUSIO NA SHAMBA

Kwa hiyo nyumba ya kambini ifanye nini? Tuseme ukweli, hatuwezi kulima kama wenyeji, sheria haituruhusu kwenda tunakotaka na ardhi haitoshi. Lakini nyuma ya nyumba nyingi kuna nafasi ya mkeka mmoja au miwili.

Gunia moja linatosha kuanza. Weka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza au taka za jikoni zilizooza. Katikati simamisha safu ya kokoto kutoka chini hadi juu, unaweza kutumia kopo lisilo na kitako ukilivuta juu kadiri unavyojaza. Maji ukimwaga juu yatashuka kwa kokoto na kufika kila upande. Toboa matundu pembeni, panda lengalenga, matembele, kitunguu, sukuma. Mwagia maji yaliyosuuza mboga na vyombo, si yale yenye sabuni nyingi. Mama tuliyemtaja wa Fizi ana magunia manne, na sombe ya miti mitatu ya muhogo iliyosimama kama ua wa choo. Anasema hayamlishi, lakini hela ya mboga hainunui tena mboga, inaongeza kwenye unga. Tumeona mwenyewe kwamba mwezi wa pili watoto wake wapo darasani.

Mashimo ya maji machafu ya bomba pia tunayapoteza. Penye bomba kuna unyevu mwaka mzima. Miti ya papai au migomba miwili ingekunywa yale matope wanayochezea watoto na kuleta mbu. Wenyeviti wa mitaa wakikubaliana nani anatunza na nani anakula, inawezekana. Bila makubaliano hayo papai litachumwa bichi usiku, tusidanganyane.

Anayeweza kununua mahindi, anunue Mei na Juni yanapovunwa, si Januari. Wengi watasema fedha ya Mei inatoka wapi, na ni kweli, lakini nyumba tano sita zikichanga kidogo kidogo zinapata gunia pamoja. Likaushwe vizuri kabla ya kufungwa. Ung'ate punje, ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea bado. Kuna mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje. Ukifunga kila mmoja barabara, wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa, bila dawa. Karanga zilizosinyaa, zilizoota ukungu au zenye uchungu msile na msiwasagie watoto uji, hata kama ni za bei nafuu. Mwaka wa ukame sumu ya ukungu huo inaongezeka, na kupika hakuiondoi.

Na kuhusu mashina ya viazi vitamu: mwenye bustani penye unyevu aanze kuyatunza sasa, asingoje Desemba. Kata vipande vya urefu wa mkono hadi kiwiko, kutoka kwenye ncha changa, ondoa majani ya chini, fukia vifundo viwili au vitatu na uache ncha nje. Shuleni kwetu, nyuma ya darasa la tatu, wanafunzi wametunza kitalu kidogo kwa maji ya kunawia mikono. Mashina si mengi. Tutaanza kuyagawa siku ya pili baada ya mvua kubwa ya kwanza, vipande kumi kwa kila nyumba, tukianza na nyumba zenye watoto chini ya miaka mitano. Njooni asubuhi na kitambaa kilicholowa cha kuyafungia.